Somo: Kuziba kiungio cha bomba kinachovuja kwenye mfumo wa kupasha joto nyumba

Wadau, somo hili ni la kiungio cha nati kwenye bomba la shaba, kile chenye pete ndogo ya shaba ndani.

Kwanza jua maji yanatoka wapi. Maji hufuata bomba na kudondokea mbali, kwa hiyo kausha bomba lote, kisha zungushia karatasi laini kila kiungio ukianzia cha juu. Itakayolowa mwanzo ndiyo yenyewe. Ukiona ukoga wa kijani kwenye nati, ujue imechirizika muda mrefu.

Zima boila (mtambo unaopasha maji ya mfumo) na uache mfumo upoe kabisa. Maji yake yanaunguza.

Hatua ya 1: kaza kidogo. Shika mwili wa kiungio kwa spana moja, kaza nati kwa nyingine, robo mzunguko tu. Ukitumia spana moja, kiungio kizima kinazunguka na unaweza kulegeza cha upande wa pili. Futa, subiri. Pakikauka, umemaliza.

Pasipokauka, usirudie kukaza. Nati haizuii maji kwa uzi wake. Inaibana pete kwenye bomba na mdomo wa kiungio, na pete ndiyo inayozuia. Ukizidisha, pete inabonyea, bomba linaingia kiuno, na umejiongezea kazi. Ndiyo maana tepu nyeupe kwenye uzi wa nati hii ni kupoteza tepu, ingawa mafundi wengi bado wanaizungushia.

Hatua ya 2: mwaga maji. Funga koki ya maji yanayoingia kwenye mfumo. Unganisha mpira kwenye koki ya kutolea maji iliyo chini, ifungue, kisha legeza skrubu ya hewa ya radieta (bamba la kupasha joto chumba) ya juu. Bila hewa kuingia maji hayashuki vizuri. Tandika matambara: maji haya mara nyingi ni meusi kwa kutu, na doa lake kwenye zulia halitoki kirahisi.

Hatua ya 3: badilisha pete. Fungua nati, chomoa bomba. Pete iking'ang'ania, ikate kwa msumeno wa chuma kimshazari bila kufika kwenye bomba, kisha ipanue kwa bisibisi bapa. Safisha bomba kwa msasa laini. Kama lina mkwaruzo mrefu au limebonyea, kata kipande hicho. Ingiza nati kwanza (husahaulika kuliko kitu chochote), kisha pete mpya, paka pete dawa kidogo ya kuzibia viungio, sukuma bomba hadi ligote. Kaza kwa mkono, halafu kwa spana takriban mzunguko mmoja kwa bomba la milimita 15.

Hatua ya 4: jaza na upime. Kwa mfumo uliofungwa (usio na tangi la maji lililo wazi juu), ukiwa baridi, geji ya presha isome kati ya baa 1 na 1.5. Toa hewa kwenye radieta, rudishia dawa ya kuzuia kutu uliyoimwaga na maji. Kagua kiungio kikiwa baridi, kikiwa moto, na kikishapoa tena.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nimepaka gundi ya epoksi juu ya nati na pamekauka. Niache?*
Kwa dharura sawa. Ila shaba hutanuka na kunywea kila boila inapowaka na kuzimwa, gundi itaachia. Na siku ya kufungua utalazimika kukata bomba.

*Fundi, changu ni cha kulehemu. Naongeza lehemu juu?*
Haitashika. Maji yakibaki ndani, hata kidogo, hunyonya joto lote. Mwaga, kata kiungio, weka cha nati, hasa kama bomba limepita karibu na mbao, maana hakihitaji moto.

*Geji inashuka kila siku lakini sioni tone popote.*
Angalia bomba la valvu ya usalama linalotokea nje. Tangi la kutanukia (lile lenye hewa ndani, linalopokea maji yakitanuka) likikosa hewa, presha hupanda maji yakipata moto, valvu inamwaga, na mfumo ukipoa geji inashuka. Mvujo ukiwa ndani ya boila ya gesi, usifungue kifuniko. Mwite fundi mwenye leseni.