Pedali ya breki na stendi ya boda boda: kuzipaka rangi ya kuchoma ukiwa nyumbani

Boda boda nyingi zinazofika karakanani kwangu hapa Katwe, Kampala, zina ugonjwa mmoja. Tangi linang'aa, kiti kimeshonwa upya, lakini pedali ya breki na stendi ya kando zimeliwa na kutu mpaka zinamchafua mwenyewe suruali. Akichoka nazo hununua kopo la rangi nyeusi, anapuliza hapo hapo stejini, na mvua za Machi hadi Mei zikipita rangi imebanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha.

Hapa naeleza ninavyozifanya mimi, kwa rangi ya kuchoma. Vifaa vyake vinaenea kwenye kona ya ua: oveni ndogo ya umeme ya mtumba, msasa namba 80 na 120, brashi ya waya, asetoni, waya laini wa kufungia, kipimajoto na rangi yenyewe. Oveni ikishaanza kazi hii isirudi jikoni tena, hata uisugue vipi. Mvuke wa rangi huganda kwenye kuta zake na utaishia kwenye chakula cha watoto.

Rangi ya kawaida hukauka hasa kwa sababu thina imeruka hewani. Ya kuchoma inapikwa. Joto hufanya chembe zake zishikane kama nyuzi za wavu, na zikishashikana hazifunguki kwa urahisi, hata petroli ikimwagikia. Dukani ulizia rangi ya oveni, na usiondoke kabla ya kusoma kibandiko chake: kinataja nyuzi ngapi na dakika ngapi. Ninayotumia mimi inataka nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 30. Zipo pia za seramiki, zile zilizopata sifa kwa mafundi wa bunduki Marekani, kama Cerakote ya Oregon. Hizo hupikwa kwa joto la chini kidogo lakini kwa muda mrefu zaidi. Utayarishaji wa chuma haubadiliki. Kipande cha silaha, hata kiwe kidogo kama kifungo, mimi sikipokei. Silaha hapa Uganda ni ya leseni, na kazi yake ni ya mwenye leseni.

Kabla ya kufungua spana

Amua kwanza nini kisiguswe. Namba ya chesi usiisugue wala usiifunike kwa rangi, maana polisi wakikusimamisha hutakuwa na maelezo ya kuwatosha. Sehemu zinazosuguana, kama tundu la pedali linalozunguka kwenye shafti yake, hazitaki rangi. Nyuzi za bolti hazitaki rangi. Springi iache ilivyo. Leva za mkononi mara nyingi ni za aluminiamu, nazo zina praima (rangi ya kwanza ya chini) ya peke yake, kwa hiyo zisikuchanganye leo. Na bolti yenye alama 10.9 au 12.9 kichwani usiitie kwenye tindikali ya kutoa kutu: haidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu namna hiyo, na bolti inaweza kukatika ghafla siku utakayoikaza, bila kukuonya kwa kupinda.

Kuosha, kusugua

Piga picha kwa simu kabla hujafungua, hasa springi ya stendi inavyokaa. Kisha toa grisi na tope kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Watu wengi hupenda kuoshea petroli. Naomba uiache. Inaacha utando wa mafuta, halafu kuna sigiri inayowaka hatua tatu kutoka ulipo.

Toa rangi ya zamani na kutu mpaka uone chuma kitupu. Ukiwa na jirani mwenye kompresa ya kurushia mchanga wa oksidi ya aluminiamu, mlipe, atakufanyia kwa dakika 5 kazi ya asubuhi nzima. Kama huna, ni brashi ya waya, msasa namba 80, halafu namba 120. Usilainishe zaidi ya hapo. Rangi inataka mikwaruzo ya kushikilia, na chuma kinachoteleza kama kioo kitaitema. Kwenye vishimo vya kutu pitisha ncha ya waya, maana kutu iliyobaki humo ndiyo itakayoinua rangi mwakani.

Kukitoa chuma jasho

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo iliyonifundisha kazi. Miaka ya mwanzo nilipaka stendi ya mteja, nikaisafisha vizuri kwa macho yangu yote, nikapuliza, nikaingiza ovenini. Baada ya dakika 10 nikachungulia. Kwenye mshono wa welding palikuwa na mstari wa vishimo vidogo vya duara, kama ngozi ya mtu aliyeugua tetekuwanga, na katikati ya kila kishimo paling'aa tone la mafuta. Stendi ilikuwa ya bomba. Mafuta ya injini yalikuwa yamejificha ndani ya mshono miaka mingi, na joto lilipoyafikia yakatoka kupitia rangi yangu. Niliisugua yote upya, na mteja akapoteza siku ya kazi.

Tangu hapo kila kipande kinaingia ovenini kikiwa kitupu, kabla ya rangi, kwa joto lilelile la kuchomea au juu yake kidogo, saa nzima. Kitoe, kiache kipoe, kisha kipanguse kwa kitambaa cheupe chenye asetoni. Kitambaa kikitoka na rangi ya kahawia, rudisha ovenini. Stendi za bomba huwa zinarudi mara mbili, wakati mwingine tatu. Asetoni nayo inashika moto upesi kuliko unavyodhani: pangusia nje, mbali na sigiri na oveni, na kipande kisirudi kwenye joto mpaka kimekauka kabisa.

Halafu jaribu kwa maji. Vaa glovu safi, mwagia maji masafi, kishike kikiwa kimeinama uangalie. Maji yakitanda kama shuka moja juu ya chuma, umemaliza. Yakikatikakatika na kukusanyika kuwa vitone, hapo pana mafuta bado, na ukipaka rangi hapo ndipo itakapoanzia kubanduka. Sijaona kipimo cha bei rahisi kinachosema kweli kuliko hiki.

Ukishamwagia maji, harakisha. Chuma kitupu kwenye hewa yetu hii ya karibu na ziwa kinaanza kugeuka rangi ya chungwa ukiwa unazungumza na simu. Kifute, kipitishe ovenini dakika 10 kikauke, na kuanzia hapo usikiguse kwa mkono mtupu. Chumvi ya vidole hukaa chini ya rangi na kuamsha kutu.

Kama una dawa ya kutoa kutu yenye tindikali ya fosforiki, unaweza kupaka wembamba kwanza, kwa kufuata kibandiko, usuuze vizuri, ukaushe. Chuma kitakuwa na utando wa kijivu unaosaidia rangi kushika. Ni nyongeza nzuri kwa boda inayopita kwenye maji kila siku. Kwa kitasa cha mlango wa ndani au kipande cha cherehani sijisumbui.

Kipimajoto

Kitufe cha oveni usikiamini. Yangu ikisema 150, juu karibu na waya wa moto huwa ni 180 na chini haifiki 140. Nunua kipimajoto chenye ncha ndefu, na kwanza kipime chenyewe kwenye maji yanayochemka. Lakini jihadhari: Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Fundi mmoja kijana alikitupa kipimajoto kizima akidhani ni kibovu kwa sababu kilisoma 96.

Kupuliza

Ning'iniza kipande kwa waya wa kufungia, kwenye tundu ambalo halitaonekana. Ziba matundu yenye nyuzi za bolti kwa bolti kuukuu iliyooshwa, na tundu la pedali kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Utepe huo uondoe kabla ya kuchoma, kwani ukiiva humo utaukwangua kwa kisu.

Pulizia nje au penye hewa inayopita, umevaa barakoa ya mvuke yenye vichujio vya mkaa, siyo ile ya kitambaa. Kama rangi uliyouziwa ni ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, mara nyingi ndani yake mna isosaianati, ambayo huharibu mapafu polepole bila harufu ya kukuonya. Hiyo waachie wenye barakoa za kuletewa hewa kwa mpira. Usipulize mchana wa jua kali wenye upepo. Vumbi jekundu la barabara halitoki kwenye rangi mbichi. Asubuhi mvua ikiwa imetoka kunyesha vumbi limelala, lakini subiri unyevu upungue.

Shika kopo sentimita 20 hivi kutoka kwenye chuma. Anza kupuliza kabla hujafika kwenye kipande, malizia ukishakipita. Anza na pembe na ncha, maana rangi huzikimbia. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi cha kuona chuma bado. Dakika 10, kisha wa pili unaofunika. Wa tatu hauhitajiki. Rangi nene huchubuka upesi kuliko nyembamba, na wateja wengi hawaniamini nikiwaambia hivyo.

"Fundi, ongeza kidogo, nimelipa."
"Ssebo, nikiongeza itapasuka kwenye kona. Niachie."

Kuchoma

Acha kipande kining'inie dakika 20 thina itoke. Ukikiingiza kikiwa kibichi, mvuke utajaa ovenini na waya wa moto unaweza kuuwasha. Dakika 5 za mwanzo acha mlango wazi kidogo, oveni ikiwa nje barazani.

Kipande kisiguse kuta. Hesabu muda tangu chuma chenyewe kifikie nyuzi 150, siyo tangu hewa ya ndani ifikie. Pedali nene huchukua dakika 15 au zaidi kupata joto, na hapo ndipo wengi wanapotoa rangi mbichi inayoonekana imeiva. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Ukirudi, ngoja joto lipande tena, halafu anza kuhesabu dakika 30 upya.

Wasio na umeme wanaweza kutumia sigiri chini ya boksi la bati lenye sahani nzito ya chuma katikati, ili majivu na moshi visifike kwenye rangi. Nje tu. Hewa ya sumu ya makaa (kaboni monoksidi) chumbani imeua watu, nayo haina harufu.

Zima, acha ipoe humohumo. Kisha kijaribu mahali pasipoonekana: kitambaa chenye asetoni, sugua mara 20 kwenda na kurudi. Kikitoka cheupe, imeiva. Kikitoka cheusi, rudisha ovenini dakika 30 nyingine; haijaharibika.

Kufunga nakuomba usubiri mpaka kesho yake. Tia washa (kile kipete bapa cha chuma) chini ya kila kichwa cha bolti ili isikwaruze inapozunguka, grisi kidogo ndani ya tundu la pedali, springi irudi kama ilivyo kwenye picha ya simu. Kisha kanyaga breki mara kadhaa boda ikiwa imesimama, uone pedali inarudi yenyewe juu bila kukwama kwenye rangi. Ikikwama, toa, kwangua rangi iliyoingia tunduni kwa msasa namba 120 uliokunjwa, paka grisi, funga tena, ujaribu upya kabla hujaingia barabarani.