Kuunganisha umeme wa pampu ya kisima: kebo laini ianzie wapi na iishie wapi

Kebo laini ya mpira inayoshuka kisimani pamoja na pampu ya kuzama, ile ambayo mafundi wengi huiita sabmasibo, inaruhusiwa pale kwa sababu moja: pampu hushushwa na kupandishwa, na waya mgumu ungevunjika kwa kukunjwakunjwa. Sababu hiyo inakoma kwenye mdomo wa kisima. Kebo hiyo haipitishwi ukutani, juu ya dari, chini ya mlango wala kwenye matawi ya mwembe hadi ifike jikoni. Kosa la kwanza ninalokutana nalo visimani ni la kutoheshimu mpaka huo.

Kabla ya kununua chochote, soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la kebo. Ikiwa imeandikwa H07RN-F, herufi hizo zina maana: 07 ni uwezo wa volti 450/750, R ni mpira unaofunika kila waya, N ni ganda la nje la neoprini, na F ni nyuzi nyembamba za shaba zinazonyumbulika. Kebo nyeupe ya PVC iliyoandikwa H05VV-F ni ya vifaa vya nyumbani kama friji, wala haikutengenezwa kukaa ndani ya maji. Hata H07RN-F ya kawaida si ya kuzamishwa daima kwa kina chochote. Kwa hiyo kwa kisima kirefu tumia kebo ambayo mtengenezaji ameandika wazi kuwa ni ya pampu za kuzama, ambayo mara nyingi huwa bapa ili ilale vizuri ubavuni mwa bomba.

Ukubwa wa shaba hupimwa kwa umbali wote, yaani kina cha pampu pamoja na umbali hadi kwenye bodi ya umeme. Chukua pampu ya nguvu farasi moja inayovuta ampea 6 kwa volti 230, ikiwa mita 60 chini na nyumba ikiwa mita 40 kutoka kisimani. Kwa kebo ya milimita za mraba 1.5, volti zipatazo 17 hupotea njiani, sawa na zaidi ya asilimia 7, wakati kikomo cha BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, kwa mitambo isiyo taa ni asilimia 5. Kwa 2.5 hupotea karibu volti 11, nayo inapita kwa taabu. Kwa 4 hupotea chini ya volti 7. Mimi huchagua 4, kwa sababu umeme wa kijijini mara nyingi hufika ukiwa tayari umepungua, na mota inayonyimwa volti huvuta ampea nyingi zaidi hadi koili zake zikaungua.

Maungio ya chini ya maji ndiyo yanayostahili subira kuliko kazi nyingine yoyote. Niliwahi kuitwa kukagua kisima kwenye shamba la mihogo, ambako mama mwenye nyumba alikuwa amewakataza watoto kugusa bomba kwa sababu lilikuwa "linapiga". Tulipoipandisha pampu, tulikuta maungio yamezungushiwa utepe mweusi wa kawaida tu. Nilipoubandua, maji yalichuruzika kutoka ndani yake, na shaba ilikuwa imegeuka kijani, nyuzi zikikatika kwa kuguswa na ukucha. Waya wa erthi ulikuwa umekatwa na kuachwa, eti kwa sababu pampu inafanya kazi bila huo. Pampu ilikuwa bado inasukuma maji.

Maungio salama hufanywa hivi. Kata waya kwa urefu tofauti ili viungo visikae sehemu moja, bana kila kiungo ndani ya kijibomba cha shaba kwa koleo lake, kisha vika kila kimoja mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, na mwishowe vika mpira mwingine mkubwa juu ya vyote. Waya wa erthi, wenye rangi ya kijani na manjano, uunganishwe kama waya nyingine zote. Angalia rangi kwa makini, kwa kuwa katika nyumba za zamani nyeusi ni neutro, ilhali katika kebo mpya za fezi tatu nyeusi ni fezi, pamoja na kahawia na kijivu, na bluu ndiyo neutro.

Kabla ya kushusha, zamisha maungio kwenye ndoo ya maji na upime kwa mega ya volti 500, yaani kifaa kinachoonyesha kama umeme unavuja kupitia ganda la waya, kebo ikiwa haijaungwa kwenye umeme. Kanuni inadai angalau megaohmu 1. Maungio mapya mazuri hutoa namba kubwa zaidi ya hapo, na ikikaribia 1 mimi huyakata nikaanza upya. Pampu ishushwe kwa kamba yake, kamwe isining'inizwe kwa kebo, na kebo ifungwe kwenye bomba kila baada ya mita 3 hivi ikiwa imelegea kidogo.

Juu ya kisima, kebo laini iishie kwenye boksi lisilopitisha maji, lililoinuliwa kupita usawa wa mafuriko, ikiingia kupitia glendi inayoibana ili uzito wake usivute skrubu zinazoshika waya. Kutoka hapo hadi nyumbani tumia kebo ya ardhini yenye nyuzi za chuma, iliyofukiwa kwa kina ambacho jembe halifiki. Kwenye bodi, pampu iwe na breka yake, kinga ya mota kuzidiwa, swichi inayokata fezi na neutro kwa pamoja, na RCD, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. RCD haichukui nafasi ya erthi: erthi ikiwepo, hitilafu huikatisha mara moja, isipokuwepo, husubiri mpaka mtu aguse bomba.

Kazi hii ifanywe au ithibitishwe na fundi mwenye leseni, ambayo Tanzania Bara hutolewa na EWURA na Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka zinazosimamia nishati. Pampu ikishakaa chini, ipimwe tena kwa mega, na namba hiyo iandikwe ndani ya mlango wa boksi pamoja na tarehe, kina cha pampu na ukubwa wa kebo, ili fundi atakayekuja miaka mitano baadaye awe na cha kulinganisha.