Kugawanya desimali: usihangaike na nukta, badilisha kipimo

Hii ni kwa wazazi wenye watoto wa darasa la tano kwenda juu, na kwa yeyote anayepima vitu sokoni vizuri tu afu akipewa karatasi anakwama. Huku Kigoma, mwisho wa reli, hakuna asiyejua kwamba lita 6 za mawese ukizimimina kwenye chupa za nusu lita unapata chupa 12, muulize mama yeyote pale soko la Mwanga atakujibu huku anafunga mfuko wa mteja mwingine. Ila mwandikie mtoto 6 ÷ 0.5 kwenye daftari uone, wengi watakujibu 3. Kaona nusu akagawa kwa mbili, na tena kichwani kakariri kwamba ukigawanya lazima namba ipungue. Hapana. Kugawanya ni kuuliza hiki kinaingia mara ngapi kwenye kile, sasa kama hicho unachopimia ni kidogo kuliko 1 kitaingia mara nyingi, kwahiyo jibu litakuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo na hapo hujakosea kitu. Kabla hujamfundisha mtoto kusogeza nukta hakikisha hili limekaa, bila hivyo atakuwa anasogeza tu kama anayecheza bao bila kujua kete zinaenda wapi.

Tuanze na rahisi, desimali kugawanya kwa namba nzima. Chukua 9.36 ÷ 4. Andika kwa njia ndefu ile ya siku zote, 4 nje kushoto, 9.36 ndani, jibu linakaa juu. Nne kwenye 9 inaingia mara 2, baki 1. Sasa umefika kwenye nukta, ipandishe juu moja kwa moja ikae kwenye jibu palepale usawa wake, usiiache mpaka mwisho eti utakuja kuipachika. Ile baki 1 ni moja nzima, ambayo ni sehemu za kumi 10, ukijumlisha na zile 3 zilizopo unapata 13. Nne kwenye 13 mara 3 baki 1, ile 1 tena inageuka sehemu za mia 10, jumlisha 6 ni 16, nne kwenye 16 mara 4. Jibu 2.34, kwisha.

Panapoliza watu ni sifuri ya katikati. 6.24 ÷ 6. Sita kwenye 6 mara 1, weka nukta, sita kwenye 2 haiingii... na mtoto hapohapo anachukua 24, anapata 4, anaandika 1.4. Kosa! Ile "haiingii" nayo ni jibu, inaandikwa 0, afu ndio unashusha 4 ili iwe 24. Jibu ni 1.04. Mwambie hivi, ukishapita nukta kila tarakimu unayoishusha lazima iache alama juu, iwe namba au iwe sifuri, hakuna kuruka. Kama ni kilo 6.24 za mchele wanagawana watu 6, huyo wa 1.4 anataka mchele kilo 8.4 na mchele huo haupo.

Na tarakimu zikiisha bado kuna baki unaongeza sifuri kwa nyuma unaendelea, sababu 5.1 na 5.100 ni kitu kilekile. 5.1 ÷ 4: mara 1 baki 1, nukta, 11 mara 2 baki 3, ongeza sifuri 30 mara 7 baki 2, ongeza tena 20 mara 5. Jibu 1.275.

Sasa tuje kwenye ishu yenyewe, pale namba inayogawanya ndio yenye nukta. Watu wanafundishwa "sogeza nukta kulia", sawa, ila kwanini isogezwe hawaambiwi ndio maana wiki mbili mbele imeshasahaulika. Mi naona njia nzuri ni kufikiria kipimo. Asali ya Sikonge kule Tabora imekuja kilo 4.5 unataka kuiweka kwenye vyombo vya kilo 0.75. Ukigeuza zote kuwa gramu ni 4500 ÷ 750, idadi ya vyombo haiwezi kubadilika kisa umeacha kusema kilo ukasema gramu, asali ni ileile na vyombo ni vilevile. Ndio hicho tu kinachofanyika ukisogeza nukta, umehamia kipimo kidogo zaidi, na lazima uhamie pande zote mbili. Huwezi kuwa na asali ya kilo na vyombo vya gramu kwenye hesabu moja.

Kwahiyo kanuni ni hii: angalia namba inayogawanya (inayogawanya, sio inayogawanywa, rudia mara mbili) ina tarakimu ngapi baada ya nukta. Ikiwa nazo moja zidisha zote mbili kwa 10, zikiwa mbili zidisha zote kwa 100, tatu kwa 1000. Hapo 0.75 ina mbili, kwahiyo 4.5 ÷ 0.75 inakuwa 450 ÷ 75, ambayo ni 6. Umeona 4.5 ilikuwa na tarakimu moja tu baada ya nukta, nafasi iliyopungua tumejaza sifuri.

Mfano wa kinyume chake, 13.02 ÷ 0.6. Namba inayogawanya ina moja tu, zidisha kwa 10, unapata 130.2 ÷ 6. Nukta bado ipo ndani, acha ikae, hiyo tayari ni ile hesabu rahisi tuliyoanza nayo, jibu 21.7. Wengi hapa wanataka nukta zote zipotee, wanaandika 1302 ÷ 6 wanapata 217, yaani huku wamezidisha kwa 100 kule kwa 10. Kama lazima uzifute zote basi iwe 1302 ÷ 60, itakupa 21.7 hiyohiyo ila umejiongezea kazi bure.

Kuna kitu kuhusu baki ambacho naona kinapitwa haraka sana na ndio kinawaumiza wafanyabiashara. Una dumu la mawese lita 5, chupa zako ni zile ndogo za lita 0.35. Zidisha kwa 100 kila upande, 500 ÷ 35, inaingia mara 14 baki 10. Haya, hiyo 10 ni nini? Mtu atasema zimebaki lita 10, sasa dumu la lita 5 linabakishaje lita 10! Kumbuka tulishahama kipimo, 500 zile hazikuwa lita, kila moja ni sehemu ya mia ya lita. Kwahiyo baki 10 ni sehemu 10 za mia, lita 0.1. Hakiki: 14 × 0.35 = 4.9, ukitoa kwenye 5 inabaki 0.1, safi. Ukiendelea kugawanya utapata 14.28 na zaidi, ila hiyo .28 ni sehemu ya chupa, sio lita, usichanganye. Na jibu la kutumia linategemea swali: kama unauza chupa zilizojaa unazo 14, kama unataka mawese yote yaingie kwenye chupa unahitaji 15. Hakuna kukadiria kwa mazoea hapo, soma swali.

Kingine, kadiria kabla hujaanza. Bodaboda katembea kilomita 130.5 kwa lita 4.5, lita moja inampeleka wapi? Kabla ya kushika kalamu, 130 kwa 5 ni 26, kwa 4 ni 32 na kitu, kwahiyo jibu liko kati ya hapo. Afu fanya 1305 ÷ 45, arobaini na tano kwenye 130 mara 2 baki 40, shusha 5 ni 405, mara 9. Kilomita 29. Ukipata 2.9 au 290 utashtuka mwenyewe bila kusubiri mwalimu asahihishe, na kwenye mtihani ambao huingii na kikokotoo hicho ndio kikokotoo chako.

Kuna zingine huna haja ya njia ndefu kabisa. Kugawanya kwa 0.5 ni kuzidisha kwa 2, kwa 0.25 ni kuzidisha kwa 4, kwa 0.125 ni kuzidisha kwa 8, sababu kwenye moja nzima kuna nusu mbili, robo nne na nusu-robo nane. Dagaa kilo 3.5 ukizifunga robo robo ni 3.5 × 4, pakiti 14, pale mwalo wa Kibirizi hesabu hii inafanywa kichwani kila siku. Kugawanya kwa 0.1 ni kuzidisha kwa 10, kwa 0.01 ni mara 100.

Zingine haziishi. 2 ÷ 0.3 ni 20 ÷ 3, utapata 6.666 mpaka uchoke, baki ni 2 kila mara. Ukishaanza kuongeza sifuri ukaona baki imejirudia, jua na tarakimu zitajirudia, simama. Kama umeambiwa nafasi mbili za desimali, tafuta ya tatu, ikiwa 5 au zaidi ongeza moja kwenye ya pili: 6.67.

Halafu kwa sisi wa Kigoma kuna hili. Wenzetu wanaovuka ziwa kutoka Bujumbura, Uvira au Kalemie wengi wamesoma kwa mfumo wa Kifaransa, wao desimali wanaandika kwa mkato, 2,5 ni mbili na nusu. Sisi mkato tunatengea maelfu. Sasa ukipewa karatasi imeandikwa 1,250 kg, kwako ni elfu moja mia mbili hamsini, kwake inaweza kuwa kilo moja na robo. Uliza kwanza ndio ugawanye.

Kuhakiki ni kuzidisha kurudi nyuma, jibu mara namba ya mwanzo inayogawanya (ile yenye nukta yake, sio uliyoibadilisha). 21.7 × 0.6 = 13.02, imekubali.

Mpe dogo hizi, asiangalie majibu: 8.4 ÷ 0.7, 1.5 ÷ 0.06, 10.05 ÷ 5, 3 ÷ 0.08, 0.042 ÷ 0.6.

Majibu kwa mpangilio huohuo: 12, 25, 2.01, 37.5, 0.07. Akipata 2.1 kwenye ya tatu mrudishe kwenye sifuri ya katikati. Ya mwisho akipata 0.7 au 7, amezidisha pande mbili kwa namba tofauti, mwambie aandike 0.42 ÷ 6 kwanza ndio aendelee.