Kupanda mitende na minazi sehemu za baridi: Njombe, Mbeya, Iringa na majirani

Wadau wa nyanda za juu kusini, swali la "mnazi unashika Njombe?" haliishi kwa hiyo naliweka hapa lote. Kuota unaweza kuota, kuzaa sahau. Mnazi unataka wastani wa nyuzijoto 27 hivi, na ukipanda juu kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6, we piga hesabu kutoka Tanga mpaka Njombe mjini ambayo inakaribia mita 2,000. Utabaki na majani ya njano yanayodumaa miaka bila hata shina. Kama shida yako ni nazi, zipo sokoni zinaletwa na malori. Kama shida yako ni muonekano wa pwani getini kwako, hapo tunaongea.

Kwanza aina za mitende. Mtende wa Kanari, ule mnene wenye kichwa kikubwa (kitalamu Phoenix canariensis), ukishakomaa unavumilia hata nyuzi 5 chini ya sifuri. Washingtonia, ile ya majani ya feni, nayo ngumu. Halafu kuna mkindu wetu huu wa ukili, unaota wenyewe kando ya mito, unatoa machipukizi mengi na unapendeza kabisa, sijui kwanini watu wanaudharau wanakimbilia vya kununua bei mbaya. Ile mirefu ya mashina meupe inayopandwa kwenye mahoteli, Iringa mjini jaribu ila Makete usipoteze hela. Areka, mtende mdogo wa mapambo, weka kwenye chungu, ikae barazani.

Sasa sehemu ya kupanda, na hapa ndo kila kitu kilipo. Sisi tuko kusini mwa ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo panda mbele ya ukuta unaotazama kaskazini, utapata jua la kipupwe karibu kutwa nzima na tofali zikishashiba joto mchana zinalitoa taratibu usiku. Nyuma ya nyumba upande wa kusini ni kivuli na ubaridi, achana napo. Bondeni pia usipande hata kama udongo ni mzuri kiasi gani, hewa ya baridi ni nzito, inateremka usiku inajikusanya kule chini, ndo maana sakitu (ule umande unaoganda kuwa barafu) inaunguza viazi vya bondeni wakati vya mlimani vimepona. Na sakitu inapiga zaidi usiku mweupe, hakuna wingu hakuna upepo, joto la ardhi linapaa lote juu, kwa hiyo mche mdogo ukiwa chini ya matawi ya mgrivea au mparachichi tayari una blanketi.

Panda mvua zinapoanza, mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, ili mizizi iwe imeshika kabla ya kipupwe. Udongo ukiwa unatuamisha maji inua tuta. Mche ulioletwa kutoka Dar usiutoe kwenye gari ukauchimbia hapohapo, uzoeshe kwanza kwenye kivuli wiki kadhaa.

Kipupwe kikiingia punguza maji, mwagilia asubuhi, na umwagie kwenye udongo, USIMWAGE kichwani. Mtende una moyo mmoja tu pale katikati, ukioza mti umekufa (mkindu una afadhali kwa sababu ya machipukizi), na kinachoozesha ni maji yaliyotuama pale yakikutana na baridi. Miche midogo ichomekee miti minne pembeni, jioni funika na salfeti au gunia, asubuhi jua likitoka funua. Nailoni sawa ila isiguse majani, pale inapogusa panaungua.

Majani yakiungua na sakitu usikimbilie panga!! Yaache mpaka baridi iishe maana hata yaliyokauka nusu bado yanaukinga moyo. Shika lile jani changa la katikati ambalo halijafunguka, livute taratibu. Likikataa, mti bado ni mzima. Likichomoka na linanuka, safisha uozo, mimina dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) ndani kisha usimwagie tena kichwani, unaweza kukaa miezi kabla hujaona jani jipya kwa hiyo usiung'oe haraka.

Mbolea fupi tu: samadi iliyooza vizuri, isiguse shina. Mbolea za naitrojeni kama Yurea au CAN acha kuanzia mwezi wa tatu, zinatoa majani laini ambayo baridi itayamaliza, weka ya potashi badala yake. Majani ya zamani yakiwa na madoa ya machungwa ni potashi imepungua, nayo usiyakate, mti unanyonya potashi iliyobaki humo kulisha majani mapya, ukiyakata unahamishia njaa juu.