Injini imesukwa upya lakini inavuja oili: tafuta chanzo kabla ya kushusha gia boksi

Gari limetoka kusukwa injini, limelala usiku mmoja, asubuhi kuna duara la oili chini. Kauli ya kwanza utakayoisikia gereji ni "sili ya nyuma hiyo, tushushe gia boksi." Wanamaanisha sili ya krenki (shafti kuu ya injini) iliyo upande wa gia boksi. Naomba usikubali haraka. Kushusha gia boksi ni kazi ndefu na inakula pesa ya mwenye gari, na mara nyingi oili inayodondoka pale kwenye muungano wa injini na gia boksi imeanzia juu kabisa: tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), swichi ya presha ya oili, pembe ya hedi. Imeteremka taratibu nyuma ya bloku mpaka ikapata pa kudondokea. Ukibadilisha sili ya nyuma bila kujua hilo, gari litarudi likiwa linavuja vilevile, na mteja atakuwa amelipa mara mbili.

Kingine cha kuweka akilini: injini iliyochoka huvuja kwa sababu mpira umekakamaa. Iliyosukwa juzi huvuja kwa sababu ya namna ilivyofungwa. Uso haukusafishwa vizuri, sili imeingia kombo, silikoni haikupewa muda, boliti imekazwa kupita kiasi, plagi ya njia ya oili imesahaulika baada ya bloku kutoka mashine. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dukani kutafuta spea nyingine, chunguza kazi iliyofanyika.

Hatua ya kwanza: jua kinachovuja ni nini

Weka katoni safi chini ya gari usiku kucha, na uweke alama kuonyesha upande wa mbele. Asubuhi utaona matone yameangukia wapi na yana rangi gani. Oili mpya ya injini ina rangi ya asali. Ya gia boksi ya otomatiki na ya pawa stelingi mara nyingi ni nyekundu. Ya gia ya manyuo ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Kulanti inateleza kidogo vidoleni na haina mafuta ya kweli. Kumbuka pia kwamba wakati wa kufunga filta na kumimina oili kuna iliyomwagika na kujificha kwenye mabano ya injini. Hiyo inaweza kudondoka kwa siku mbili tatu bila kuwa na mvujo wowote.

Hatua ya pili: osha

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Huwezi kutafuta chanzo kwenye injini iliyolowa kila mahali. Subiri ipoe. Funika oltaneta, koili, na mdomo wa kuingizia hewa kwa nailoni. Pitisha dawa ya kuondolea grisi au dizeli kwa brashi, kisha sabuni na maji ya presha ndogo, kisha kausha kwa hewa ya kompresa mpaka kwenye vikona vya nyuma ya hedi. Petroli usitumie. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu ya betri.

Usisahau sehemu ya chini: ukingo wote wa sampo (bakuli la oili chini ya injini), uso wa mbele wa gia boksi, na mabano. Sehemu uliyoiacha chafu ndiyo itakayokudanganya baadaye.

Sisi wa Dodoma tuna msaada mmoja ambao watu wa pwani hawana, nao ni vumbi. Kiangazi, upepo unapoanza kuvuma, vumbi hushika palipo na unyevu hata kama ni kidogo sana. Kabla ya kuosha, liangalie hilo vumbi kwanza na ulipige picha. Mara nyingi tope jembamba lililoganda linaonyesha njia ambayo oili imepita.

Hatua ya tatu: kipimo cha oili na pumzi ya injini

Gari likiwa mahali tambarare, chomoa stiki ya oili. Injini ya 1NZ-FE, ile iliyojaa mjini kwenye IST na Vitz, inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Dumu la lita nne likimiminwa lote, umeshazidisha. Oili iliyozidi sana inapigwa na krenki, inatoa povu na kutafuta pa kutokea.

Halafu pumzi. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kumiminia oili ukiweke tu juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa nguvu, ndani kuna presha nyingi. Angalia valvu ya PCV (inayotoa pumzi ya ndani ya injini) na mipira yake: wakati wa kusuka, watu huipaka silikoni, huigeuza, au hurudisha ile ya zamani iliyoziba. Presha ikikosa njia halali, itasukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu, hata mpya. Kama tatizo ni hili, unaweza kubadilisha sili zote na bado ikavuja.

Hatua ya nne: poda

Injini ikiwa safi na kavu, puliza poda ya kawaida ya mtoto kwenye maungio yote unayoyatilia shaka: mzunguko wa tapeti kava, muungano wa hedi na bloku, taiming kava, ukingo wa sampo, karibu na filta. Iwe tabaka jembamba jeupe, na usipulize kwenye mikanda wala kwenye njia ya hewa. Washa, iache ipate moto, zima, kagua kwa tochi na kioo kidogo cha mkononi. Oili inaacha mstari mweusi ambao hauna ubishi.

Kagua kutoka juu kwenda chini, na kutoka mbele kwenda nyuma. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo mshukiwa wako. Zote zilizo chini yake huenda zimelowanishwa tu. Gari likikimbia, upepo unaisukuma oili nyuma, ndiyo maana mvujo wa sili ya mbele unaweza kuloweka gia boksi. Kwa sababu hiyo, kagua kwanza gari likiwa limesimama. Usipoona kitu, ndipo ulitoe barabarani, tuseme kutoka Nanenane mpaka Ihumwa na kurudi, ukague tena papo hapo.

Hatua ya tano: pa kuangalia kwanza

Filta. Mpira wa filta ya zamani unaweza kubaki umeganda kwenye kiti chake, fundi akafunga mpya juu yake. Mipira miwili haikai. Oili inatoka kwa kasi na sampo inaweza kukauka ndani ya muda mfupi. Hili liangalie hata kabla ya poda.

Swichi ya presha ya oili. Ikichunguliwa kwa kioo utaona oili imetoka kwenye nyuzi zake au katikati ya plastiki na chuma. Ikitoka kwenye plastiki, swichi yenyewe imekufa.

Tapeti kava, hasa pembe. Kwenye injini za Toyota za familia ya 5A na 7A kuna kona ambapo kepu za kamshafti zinakutana na hedi, na pale gasketi peke yake haitoshi. Panahitaji tone dogo la silikoni. Wakilisahau, oili inatoka nyuma na kuteremka moja kwa moja juu ya gia boksi. Hizo injini za zamani zenye distribyuta, angalia pia oringi yake.

Taiming kava kwenye injini za cheni kama 1NZ. Haina gasketi ya karatasi, inafungwa kwa silikoni tupu, kwa hiyo kila kitu kinategemea usafi wa uso. Palipobaki oili hata kidogo wakati wa kupaka, silikoni haikushika.

Hedi gasketi inavuja oili nje mara chache, lakini ikivuja huwa ni karibu na njia inayopandisha oili kwenye hedi. Hapo uliza kama hedi ilipimwa kwa rula ya chuma. Kwa injini nyingi ndogo, kupinda kunakovumilika ni takribani 0.05 mm tu.

Hatua ya sita: sasa ndiyo sili ya nyuma

Kama juu kote ni kavu, poda ni nyeupe, na bado oili inatoka kwenye tundu la chini la belihauzi (kava la gia boksi linaloungana na injini), basi una ruhusa ya kushusha. Ikishuka, usichomoe sili kabla hujaiangalia. Ona kama imekaa sawasawa pande zote. Geuza mdomo wake kwa kidole: ule mpira mwembamba unaogusa krenki uwe laini na mzima, na springi nyembamba iliyo nyuma yake iwe ndani ya mfereji wake. Sili ikigongwa kwa nyundo upande mmoja, springi hiyo inaruka na kulala pembeni, na mdomo unakosa wa kuubana. Sili iliyofungwa kavu, bila kupakwa oili mdomoni, inaungua dakika za mwanzo; utaona mdomo umekuwa mweusi unaong'aa na mgumu.

Kisha pitisha ukucha kwenye krenki pale sili inapogusa. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya haitasaidia ikikaa palepale. Ifunge kwa kina tofauti kidogo ili iguse mahali pazima, kama nafasi inaruhusu, au uivishe krenki slivu (ganda jembamba la chuma) ya kurekebishia. Angalia pia plagi za njia za oili kwenye bloku, gasketi ya sahani inayoshika sili, na boliti za flaiwili. Kwenye baadhi ya injini matundu yake yanafika ndani, na boliti zikifungwa bila dawa ya nyuzi oili inapita humo.

Kuhusu kurudishia: silikoni ni mstari mwembamba, unaopita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Ile inayominyika nje ndiyo unayoiona; nyingine kiasi hicho imeminyika ndani, na ikikatika inakwenda kuziba chujio la pampu. Soma maelekezo ya kopo, funga ndani ya dakika zilizoandikwa, na usimimine oili kabla ya muda wake. Boliti ndogo za tapeti kava zinahitaji kiasi cha 10 Nm tu. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Kibaigwa: Mkuu, IST yangu imesukwa, inalowa mbele upande wa mikanda. Fundi amepaka silikoni kwa nje ya muungano lakini bado.

Jibu: Silikoni ya nje haishiki, mkuu, kwa sababu oili inasukuma kutoka ndani. Osha, puliza poda, uone kama ni muungano wa taiming kava, sili ya mbele ya krenki, au oringi ya valvu ya VVT-i (mfumo unaorekebisha taiming ya valvu kwa oili) kwenye hedi upande wa cheni. Anza na hiyo oringi, ni rahisi na inatoka kwa boliti moja. Kama ni kava, lazima ifunguliwe ifungwe upya.

Swali, kutoka Kondoa: Hiace ya dizeli, injini 5L. Stiki ya oili inasukumwa juu na bomba la pumzi linatema. Fundi anasema ringi mpya zitakaa zenyewe.

Jibu: Kaka, ringi mpya hupumua kidogo mwanzoni, hilo ni kweli. Kusukuma stiki si kidogo. Hakikisha bomba la pumzi halijaziba, kisha pimeni kompresheni kila silinda. Kama silinda hazikupigwa honi (kukwaruzwa upya ndani kwa jiwe), au ringi zimegeuzwa juu chini, hazitakaa hata ukienda Babati na kurudi. Na msiiache isimame ikiunguruma muda mrefu. Ringi zinakaa injini ikipewa mzigo wa wastani, kasi ikipanda na kushuka.

Swali, kutoka Area C: Shikamoo fundi. Mimi ni mwenye gari tu. Gereji wanataka pesa nyingine kushusha gia boksi, na kazi haina hata mwezi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mwombe aoshe injini na akuonyeshe kwa macho yako oili inapotoka, kabla ya kufungua chochote. Fundi anayejiamini hatakataa. Kikionekana ni kitu alichokifunga yeye, kazi ya kurudia ni juu yake. Wewe unaweza kuchangia sili na silikoni. Ikiwa ni sehemu ambayo hakuigusa, hapo mlipe. Mkikubaliana, andikeni kwenye karatasi.

Swali, kutoka Mpwapwa: Zile dawa za kuzuia kuvuja zinazomiminwa kwenye oili vipi?

Jibu: Nyingi zinalainisha mpira uliokakamaa. Mpira wako ni mpya, haujakakamaa. Hazitanyoosha sili iliyokaa kombo.

Swali, kutoka Manyoni: Nina safari ya Singida kesho, gari linadondosha kidogo. Niende?

Jibu: Inategemea inatoka wapi. Jasho la tapeti kava au tone moja la usiku kucha, nenda na lita moja ya akiba, na upime stiki kila unaposimama. Ikiwa inatoka kwenye filta, swichi ya presha au sehemu yoyote yenye presha, usiondoke. Na kama inadondokea kwenye manifoldi ya egzosti ukasikia harufu ya kuungua, usiwashe kabisa mpaka irekebishwe. Pale panashika moto.