Kupanga wimbo unaojulikana kwa gitaa moja la jazi

Anayerekodi albamu ya gitaa peke yake hana mpiga besi wala ngoma wa kumfunika. Wengi huharibu hapo hapo kwa kutaka kupiga melodi, besi na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) vyote kwa mpigo mmoja. Anza na melodi tu. Imba wimbo kwa maneno yake mpaka uujue bila gitaa. Pale mwimbaji anapovuta pumzi ndipo na wewe utanyamaza.

Kisha chagua ki, yaani noti ambayo wimbo unajengwa juu yake. Melodi ikae zaidi kwenye uzi wa kwanza na wa pili, zile nyembamba kuliko zote. Ikishuka mara kwa mara chini ya B ya uzi wa pili ulio wazi, pandisha ki, la sivyo kodi zitakosa mahali pa kukaa. Ki za G, D, A na E ni rahisi kwa sababu nyuzi nene hutoa besi bila kushikwa. Vitabu vya jazi vina nyimbo nyingi za Eb (E flati) na Bb (B flati), ki zinazowafaa wapiga tarumbeta na saksafoni. Hulazimiki kuzifuata.

Kwenye kodi, usipige noti ya tano ya skeli yake. Baki na ya kwanza, ya tatu na ya saba. Mfano, kodi ya Dm7: uzi wa tano freti (kipande cha shingo kati ya vyuma) ya 5, wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 5. G7: uzi wa sita freti ya 3, wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 4. Cmaj7: uzi wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 2, wa tatu freti ya 4. Ukitoka Dm7 kwenda G7, noti ya F haitikisiki na noti ya C inashuka freti moja tu kuwa B. Shika Dm7 kwa kidole cha kati, cha shahada na cha pete, kidole kidogo kibaki huru kwa melodi.

Usiweke kodi chini ya kila noti. Mara moja kodi inapobadilika yatosha.

Nyimbo za pop ni ngumu kuliko zinavyoonekana: kodi nne zinazunguka, melodi inarudia noti ile ile, na maneno yaliyoubeba wimbo hayapo. Iache noti, badilisha kilicho chini yake. Noti ya E inakaa vizuri juu ya kodi za C, Am7, Fmaj7 na hata D9, na kila mara inasikika tofauti.

Melodi ikizama, kidole gumba cha mkono unaopiga kinapiga kwa nguvu kuliko vingine; kidole cha pete ndicho kiongeze nguvu kwenye uzi wa kwanza. Ikikatika unapohama, unanyanyua vidole vyote vya mkono unaoshika nyuzi pamoja. Kilichoshika melodi kiondoke mwisho.

Kurekodi: gitaa la mbao lisilo la umeme liwekewe maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka freti ya 12. Mbele ya tundu la gitaa besi huvuma. Nyuzi bapa (zilizozungushiwa waya bapa) hupunguza mkwaruzo wa vidole. Tyuni kabla ya kila jaribio, kwani gitaa likishuka hata kidogo, kipande cha pili hakitaungana na cha kwanza.