Kuutambua wisogolo: geuza kofia kwanza

Nilipokuwa na miaka kumi hivi nilirudi kutoka msituni na kikapu nusu, najisifu. Bibi akachokoachokoa, akakuta uyoga mmoja asioujua. Hakuutupa huo peke yake. Alimwaga kikapu kizima shimoni, nikalala nimenuna. Kwetu, upande wa Mafinga, wisogolo ni uyoga, mboga ya masika, na mpaka leo nautafuta kwa utaratibu wake bibi.

Anza na miti. Wisogolo, ambao wataalamu huuita Cantharellus, nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miombo na mikusu, ndiyo maana haulimwi bandani kama mamama, ule uyoga wa kupandwa. Huota ardhini, katikati ya majani makavu. Ukiukuta juu ya gogo au kisiki, hata ufanane vipi, siyo. Wa kwenye kichuguu ni mwingine, mtamu pia, ila tusichanganye. Kwenye mashamba ya mipaina pita tu: huko huota ule mwekundu wenye madoa meupe unaopendwa na macho ya watoto, na una sumu.

Rangi isikudanganye. Upo wa njano kama kiini cha yai la kienyeji, upo wenye kofia nyekundu. Uchimbue na kisu mpaka chini, usikate shina, halafu ugeuze. Uyoga mwingi una vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za daftari. Wisogolo una mikunjo butu, kama mishipa ya mkono wa mzee. Inagawanyika panda na kuteremka mpaka kwenye shina. Jaribu kuubandua mmoja kwa ukucha: hautoki wenyewe, unachanika na nyama yake. Kwenye wisogolo wenye kofia nyekundu mikunjo husimama zaidi na kufanana na kurasa, kwa hiyo anayejifunza namwambia aanze na wa njano.

Sasa shina. Lisiwe na pete, wala kifuko kama ganda la yai chini yake. Uyoga unaoua kuliko wote huficha kifuko hicho udongoni, ndiyo sababu nilisema uchimbue. Upasue: ndani umeshikamana, na una harufu ya tunda lililoiva.

Habari za kuchemsha na kitunguu uone kama kitabadilika rangi, au kwamba konokono akiula basi ni salama, ziache. Sumu ile kali haiishi kwa moto, na tumbo huanza kuuma saa 6 hadi 24 baadaye, ini likiwa tayari limeanza kuharibika. Aliyekula asioujua akimbizwe hospitali na mabaki ya uyoga mkononi, hata kama hajatapika.

Maandishi haya hayatoshi kukupeleka jikoni. Msimu wa kwanza ongozana na mchumaji wa hapo hapo. Mimi mwenyewe bado nabeba vikapu viwili, kikubwa cha wisogolo na kidogo cha nisioujua, nikamwonyeshe shangazi. Hicho kidogo hubaki nje ya mlango.